Ng'ombe Hayumo Katika Tao Hili

Mtu hupelekwa kupigwa siti skani ya kifua kwa jambo moja akarudi na mawili. Kikohozi kimemganda miezi, au bodaboda imemtupa kwenye barabara ya Iringa na daktari anataka kujua kama mbavu zimejeruhi pafu. Mbavu nzima, pafu zima. Lakini mwishoni mwa karatasi ya majibu, chini ya yote aliyoyahofia, upo mstari mmoja unaozungumzia mshipa mkubwa utokao moyoni, na ndani ya mstari huo limo neno la Kiingereza lenye maana ya "wa ng'ombe". Karatasi imeandikwa Kiingereza, kama karatasi nyingi za radiolojia hapa nchini. Akifika nyumbani Majengo, hapa Dodoma, anamkabidhi kijana aliyemaliza kidato cha nne, kijana analiingiza neno kwenye simu, na kabla ya chakula cha jioni nyumba nzima inajua kwamba baba ana mshipa wa ng'ombe kifuani.

Natafsiri maandishi ya afya kwa kazi yangu, na katika istilahi zote zinazopita mezani kwangu hakuna inayonikera kama hii. Inanikera kwa sababu inamtia mtu hofu ya bure. Inanikera zaidi kwa sababu si kweli.

Tuuone kwanza mshipa wenyewe. Aota hutoka katika chemba ya kushoto ya moyo, ikapanda, ikajipinda kuelekea nyuma na kushoto, kisha ikashuka ubavuni mwa uti wa mgongo hadi tumboni. Pale inapojipinda ndipo yanapochipuka matawi yanayopeleka damu kichwani na mikononi. Vitabu vinahesabu matawi 3. La kwanza ni shina fupi, nene, ambalo muda si mrefu linagawanyika: tawi moja linakwenda mkono wa kulia, jingine linapanda shingoni upande huohuo wa kulia. La pili ni ateri ya shingo ya kushoto. La tatu ni ateri ya mkono wa kushoto. Basi. Lakini kuna watu ambao lile tawi la pili halijitegemei. Ama linaanzia mdomo mmoja na shina la kwanza, ama linachomoza katika shina lenyewe baada ya kwenda hatua kidogo. Kwa hiyo juu ya tao lao utahesabu mizizi 2 badala ya 3. Damu inafika kulekule, kwa wingi uleule. Mwenye umbile hilo hajui na hana cha kuhisi, mpaka siku mashine imwone.

Umbile hili ndilo madaktari waliloliita tao la ng'ombe.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuuliza habari za ng'ombe. Wagogo wamefuga tangu zamani, Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha aina ya ng'ombe inayobeba jina la mji huo, na soko la Majengo halikosi mabucha. Nilimwendea muuza nyama tunayefahamiana.

"Mbukwa, mwalimu. Leo nikukatie wapi?"

Nikamwambia nataka moyo ambao mishipa yake haijakatwa karibu.

"Moyo na pafu lake, havijatenganishwa?"

"Havijatenganishwa."

"Hiyo uje asubuhi, mzigo ukishuka. Ukichelewa tutakuwa tumeshaupasua."

Asubuhi akaulaza moyo juu ya gogo, akauvua mafuta kwa ncha ya kisu, polepole, kama mtu anayemenya kitu kisichotakiwa kuchubuka. Mafuta ya pale juu ni meupe na magumu, na yakitoka, mishipa hujitokeza yenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kahawa kidogo, minene, isiyolegea hata ikikatwa. Akaushika mmoja kwa vidole viwili. "Huu unarudi mgongoni." Akashika mwingine uliotoka palepale kwenye mkunjo. "Na huu unakwenda mbele, shingoni na kwenye miguu ya mbele." Nikamuuliza kama huo wa mbele una mwenzake. Akaupitisha kidole mpaka ulipokatwa. "Hauna. Ni mmoja tu, mwalimu. Unagawanyika huko mbele."

Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika American Journal of Neuroradiology mwaka 2006, katika makala iliyoandikwa mahususi kuwasihi madaktari waache kulitumia vibaya jina hili. Ng'ombe ana shina moja tu juu ya tao. Shina hilo ndilo linalozaa ateri ya mguu wa mbele wa kushoto, ateri ya mguu wa mbele wa kulia, na shina jingine la kati ambalo baadaye hupasuka kuwa ateri mbili za shingo. Binadamu mwenye mizizi 2 hafanani na hilo hata kidogo. Tukitafuta mnyama anayemkaribia, ni mbwa: naye ana mizizi 2, wa kwanza ukibeba shingo zote mbili pamoja na mguu wa kulia, wa pili ukibeba mguu wa kushoto peke yake. Kwa maneno mengine, jina limetafuta mnyama na bado limemkosea mnyama mwenyewe. Muuza nyama yeyote wa Majengo angewaambia hivyo bila kusoma jarida.

Mtu anaweza kusema tatizo ni tusi. Ni kweli kwamba katika Kiswahili cha mtaani ukimwita mtu ng'ombe umemwambia hana akili. Lakini katika Ugogo ng'ombe ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni heshima ya kaya, na mzee mmoja wa huku anaweza akaipokea habari ya kuwa na mshipa wa ng'ombe kwa kifua mbele. Jina lingekuwa la sifa au la dharau, kwangu kosa ni lilelile. Daktari anayelisoma anachora akilini picha isiyokuwapo, na mgonjwa anachora picha mbaya zaidi.

Tazama sasa jinsi jina lisilo na mnyama linavyofanya kazi vizuri. Wapo watu wachache ambao aota yao hujipinda kuelekea kulia badala ya kushoto. Ndege wote wako hivyo. Kuku wanaouzwa Majengo wakiwa wamefungwa miguu wana tao la kulia, kila mmoja wao. Hata hivyo hakuna aliyeliita umbile hilo tao la kuku. Linaitwa tao la kulia, na ukishaambiwa tao la kulia unajua liko wapi. Hakuna cha kufafanua tena.

Chanzo cha tofauti zote hizi ni kimoja. Mimba ikiwa ya wiki chache, kijusi hujengewa jozi za mishipa iliyopinda kandokando ya koo changa. Wataalamu wa elimu ya mimba walizipa namba hadi 6, ingawa jozi ya tano kwa binadamu ni kama haionekani. Kisha mwili huanza kuchagua. Mishipa mingine inabaki, mingine inanywea na kutoweka. Ule wa nne wa kushoto ukibaki, unakuwa sehemu ya tao tunalolijua. Ule wa nne wa kulia kwa kawaida hugeuka kuwa mwanzo wa ateri ya mkono wa kulia. Ukitoweka, mkono hauachwi bila damu: ateri yake huanzia mbali, upande wa kushoto kabisa wa tao, kisha hulazimika kuvuka kwenda kulia, mara nyingi kwa kupita nyuma ya umio.

Umbile hili la mwisho lina jina lenye historia. Mwaka 1761 huko Uingereza alifariki mwanamke ambaye kwa miaka mingi alipata taabu kubwa ya kumeza. Daktari David Bayford alipoufungua mwili alikuta ateri ya mkono wa kulia imetokea mahali isipotarajiwa na kupita kwenye njia ya chakula. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1794, na ugumu ule wa kumeza akauita kwa neno la Kilatini linalotokana na mchezo, kwa sababu wasomi wa enzi hiyo waliyaita maumbile yasiyotarajiwa mchezo wa asili. Mpaka leo ateri hiyo inaitwa lusoria, ya mchezo. Nalisikitikia jina hili kila ninapolitafsiri. Mwanamke yule hakuwa akichezewa na yeyote; alikuwa hawezi kula. Na katika walio na ateri hiyohiyo, ambao ni mtu mmoja hivi katika kila mia, wengi hawapati taabu yoyote maisha yao yote. Jina halimfai yule aliyeumwa, wala haliwafai hawa wasioumwa.

Sasa tugeukie Kiswahili, maana hapa ndipo tunapoweza kufanya jambo.

Neno letu "mshipa" ni karimu mno. Ni ateri, ni vena, ni neva, ni ukano, na ukimsikia mzee anasema anaumwa mshipa huenda ana ngiri. Wafasiri wa Kurani Tukufu walipofika kwenye Sura ya Qaf, aya ya 16, waliandika mshipa wa shingo na kila msikilizaji akaelewa, kwa sababu pale lililotakiwa ni ukaribu. Mpasuaji anahitaji usahihi wa namna nyingine. Ndiyo maana nakubaliana na waliotuletea "ateri" na "vena" katika vitabu vya shule na katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Mshipa uendelee kutumika katika mazungumzo, ateri ikae kwenye karatasi.

Kwa mkunjo wenyewe kuna wanaosema upinde. Mimi nasema tao. Upinde ni silaha yenye kamba, una ncha mbili zinazovutana. Aota haina kamba. Tao tunalijua kwenye milango ya misikiti na chini ya madaraja, limepanda upande huu likashuka upande ule.

Halafu ipo hazina moja ambayo sisi tunayo na wengi hawaitumii: mtulinga. Ndio ule mfupa wa juu ya kifua unaotoka kooni kwenda begani. Ateri ya mkono hupita chini yake, na Kilatini kimeipa jina la mahali hapo. Tukisema ateri ya mtulinga, mwanafunzi wa uuguzi anaweka kidole chake juu ya mfupa na ameshaelewa. Hahitaji Kilatini wala hahitaji mimi.

Shina la kwanza la tao nalo lina kisa chake. Orodha rasmi ya istilahi za mwili iliyokubaliwa Basel mwaka 1895 iliandika kwa Kilatini kwamba huo ni mshipa usio na jina. Usio na jina ndilo lilikuwa jina lake. Miaka 60 baadaye, mwaka 1955 mjini Paris, wataalamu walilifuta na kuuita shina la mkono na kichwa. Nalipenda tukio hilo kuliko yote katika historia ya istilahi za mwili. Linaonyesha kwamba jina lililozoeleka vizazi kadhaa linaweza kuondolewa kwa makubaliano, na jina linaloeleza kazi likawekwa mahali pake. Madaktari wa Kiingereza bado wanalitamka lile la zamani, lakini mwanafunzi anayeanza leo anakuta jina zuri linamngojea.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuliita lile jambo la jumla: umbile lililo tofauti na la kitabuni bila kuwa ugonjwa. Nimeona tafsiri zikisema "kasoro". Kasoro ni upungufu. Tunasema saa mbili kasoro robo kwa sababu robo haijatimia. Katika tao lenye mizizi 2 hakuna kisichotimia. Wengine wanaandika "hitilafu". Neno hili lilipotoka Kiarabuni lilikuwa na maana ya tofauti tu, lakini kwetu limeshachacha, na anayelisikia leo anafikiria nyaya zilizoungua. Wanaisimu wana "kibadala", neno zuri kwa sauti moja inayokaa mahali pa nyingine. Ila hapa hakuna kilichokaa mahali pa kingine, ni mishipa ileile iliyoanzia mlango mmoja.

Kwa muda nilishawishika na "lahaja". Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita na Kiamu havikugeuka kuwa magonjwa ya Kiunguja. Na hapa kwetu Cigogo kina Cinyambwa upande wa magharibi na Citumba upande wa mashariki, na hakuna anayempeleka Mnyambwa hospitali kwa matamshi yake. Tao la mizizi 3 limekuwa sanifu kwa namna hiyo: limechaguliwa kwa sababu ni la wengi. Lakini neno lahaja lina wenyewe, na mgonjwa akilikuta kwenye majibu ya kifua atauliza ni lugha gani inayozungumzwa humo ndani. Naliacha kwa majonzi kidogo. Ninaloshika ni "tofauti ya umbile". Linaeleweka sokoni na linaeleweka wodini.

Na hao wengi ni wengi kiasi gani? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti za matao zaidi ya 20,000 kutoka pande mbalimbali za dunia, uliona tao la kitabuni kwa watu takribani 8 katika 10, na tao lenye shina la pamoja kwa mtu 1 hivi katika 7. Katika sampuli za Afrika shina la pamoja lilikuwa la watu wengi zaidi, likikaribia robo au kuipita. Nakuomba usome tena sentensi hiyo. Ikiwa mtu mmoja katika kila wanne wanaopanga foleni ya kipimo anaweza kuwa na umbile hili, basi kuliandika kama jambo la ajabu katika hospitali ya Kiafrika ni kutumia kipimo cha ukawaida kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Vitabu vya anatomia tunavyofundishia vilichorwa kutokana na maiti za Ulaya na Marekani. Havikusema uongo juu ya maiti hizo. Sisi ndio tunaovitumia kana kwamba vilitupima.

Sisemi tofauti hizi zisiandikwe. Ziandikwe, tena kwa uangalifu. Daktari wa moyo anayepitisha mrija kwenye kifundo cha mkono wa kulia akikutana na ateri ya mtulinga inayozunguka nyuma ya umio atahangaika kuifikia aota, na akijua mapema ataingilia kwingine. Mpasuaji wa rovu anahitaji kujua jambo hilohilo, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo neva ya sauti ya upande wa kulia haishuki kifuani na kurudi kama kawaida. Inakata moja kwa moja kwenda kwenye zoloto, mahali ambapo kisu hakiitarajii. Ikikatwa, sauti ya mtu huharibika. Shina la pamoja nalo linabadili njia ya anayetaka kuzibua ateri ya shingo ya kushoto kwa mgonjwa wa kiharusi, na tafiti kadhaa zimelihusisha na kutanuka kwa aota, ingawa wataalamu hawajamaliza kubishana. Na matao mawili yanayolizunguka koo la hewa la mtoto mchanga ni ugonjwa kamili, huyo anahitaji mpasuaji. Majina yetu lazima yaitenganishe hali hiyo na hizi nyingine kwa uwazi usiotia shaka.

Ndiyo maana naona jina bora ni lile linalotaja njia. Tao lenye shina la pamoja. Ateri ya mtulinga ya kulia inayopita nyuma ya umio. Tao la kulia. Ni marefu, ndiyo, lakini aliyeyasikia hahitaji kufungua kamusi, na mpasuaji aliyeyasoma anajua kisu kiende wapi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa nchini ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na waliodai kwamba haki haina istilahi za Kiswahili wamekuwa wakizipata kadiri wanavyozihitaji. Karatasi ya majibu ya hospitali haihitaji hata sheria. Inahitaji sentensi mbili chini ya maelezo ya Kiingereza. Nimeziandika hivi, na yeyote anaruhusiwa kuzichukua: "Ateri mbili za kwanza zinazotoka kwenye tao la aota zina shina la pamoja, umezaliwa hivyo, ni tofauti ya umbile, si ugonjwa, na haihitaji dawa. Tunza karatasi hii umwonyeshe daktari kabla ya upasuaji wowote wa shingo au kifua."

Nawaomba wataalamu wa radiolojia wa Dodoma na kwingineko wazijaribu, wazikosoe, wazirekebishe. Nawaomba Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wazipokee istilahi hizi mezani na kuziamua, wakishirikiana na wanaoziona picha kila siku. Na wewe uliye na karatasi ya namna hiyo kabatini, iliyomtaja ng'ombe, irudishe kwa daktari wako umuulize shina lako linaanzia wapi. Una haki ya kujibiwa kwa Kiswahili.